Vibuyu Vitatu vya Bi Nimwaka

Jumamosi, tarehe nane Novemba. Mvua ya vuli imenyesha alfajiri, kiasi cha kulaza vumbi la kichochoroni, kisha ikakatika. Tangu saa tatu jua limewaka na kuna joto la kunata, shati halikauki mgongoni.

Wanangu, mwalimu wenu wa chuo cha Kurani hapa mtaani Kuze ameniomba niwaandikie habari za kazi yangu, ili mjue wazee wenu walikula kwa jasho gani. Nilimwambia mimi shule niliiacha darasa la tano, na kalamu yangu haijui ila daftari hili la kila siku: mvua imenyesha, fulani amekuja, tumekula kadha. Akasema niandike vivyo hivyo. Basi naandika, lakini sina hakika kama nitayaweka mambo mahali pake. Mkiona nimejirudia, nirukeni.

Nilikuwa nimepanga kuwaeleza namna ya kuoka tu. Leo imekuwa siku nyingine. Kassim, aliyefanya kazi nami miaka mingi kuliko mtu yeyote, anakuja baada ya sala ya alasiri kuchukua vibuyu vitatu vya mbegu ya mtama ambavyo mamake, Bi Nimwaka, aliniwekesha. Bi Nimwaka alifariki mwezi wa sita. Kassim ataka kurudi kwao Mwambani, huko bara ya Kwale, akalime shamba la mamake. Vibuyu vimetundikwa chumba cha nyuma, juu ya tanuri, vimezibwa kwa udongo kama siku vilipokuja. Lakini mbegu ya Bi Nimwaka haimo ndani. Niliitoa mimi mwenyewe, na Kassim hajui. Nina muda wa kuanzia sasa hadi alasiri kuamua nitamwambia nini, na nimeona heri niandike huku nafikiri.

Nimeoka mkate wa mofa miaka thelathini na minane. Kwa asiyeujua, ni mkate wa mtama, mdogo, wa duara, unaobandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo lenye umbo la mtungi. Mtama unarowekwa, unatwangwa, unachekechwa, unakandwa kwa maji ya vuguvugu na chumvi na bizari nyembamba, kisha kinyunya kinalazwa mpaka kiumuke na kuingia uchachu kidogo. Hapo unalowesha mkono, unachukua donge, unauingiza mkono ndani ya moto na kulibandika. Ukilibandika kwa woga linaangukia makaa. Ukikawia unaungua. Mkono wangu wa kulia hauna nywele hadi leo. Zamani watu wa mtaa walitutambua waokaji hata tukiwa tumevaa kanzu za Idi: mkono mmoja wa mtu, mwengine wa kuku aliyenyonyolewa.

Aliyenifunza ni Fundi Saidi, mtu mfupi, mwenye masikio makubwa na maneno machache. Kwake kazi haikuanza tanurini, ilianza kwenye gunia. Gunia la mtama likifika, alilifungua, akaingiza mkono mpaka kiwikoni, akanyamaza kama anayepima homa. Ndani kukiwa na joto, gunia linarudi lilikotoka. Joto maana yake mtama umefungwa haujakauka, na ukungu umeanza katikati, mahali ambapo jicho halifiki. Kisha hutia punje moja jinoni. Ikivunjika kwa mlio, ni kavu. Ikibonyea, wape kuku.

Mwaka wangu wa kwanza niliona haya kutumbukiza mkono mbele ya muuzaji, nikanunua gunia kwa kulitazama juu tu. Mkate ukanuka kama mkeka uliolowa. Fundi Saidi hakunigombeza. Alinikalisha barazani, akaniwekea mikate minane kwenye sinia, na kila mteja aliyekuja alimwambia, "Ya leo haiuzwi. Hii ni ya Abudi, aipenda sana." Nilikula mitano. Tangu siku hiyo sikuona haya tena mbele ya muuzaji yeyote.

Mtama bora ulitoka Mwambani, na bora ya ule wa Mwambani ulikuwa wa Bi Nimwaka. Mweupe, punje ndogo, ngumu jinoni. Mkate wake ulikuwa na utamu wa mbali ambao haukutokana na sukari; ulikuja baada ya kumeza. Mwenyewe aliuleta kila baada ya mavuno, akakaa na mke wangu, Mama Rukia, wakanywa kahawa na kuteta. Wakati ule nilikuwa nimeshaachiwa tanuri, Fundi Saidi amekufa. Bi Nimwaka aliniita mwanangu ingawa hakunizidi sana kwa umri. Nadhani alinizidi miaka kumi. Sina hakika.

Mwaka mmoja nikaenda Mwambani kuangalia mazao yangali shambani, na hapo ndipo nilipokosea. Naandika hivi sasa kwa kuwa zamani nisingesema nimekosea.

Nyinyi mnajua ndege wa mjini, kunguru na njiwa. Hamjaona ndege wa mtama. Ni wadogo, wanakuja kwa maelfu, wanageuka pamoja angani kama kitambaa kinachokung'utwa. Wakitua shamba moja kwa robo saa, mwenye shamba hana mwaka. Kwa hivyo mtama ukianza kutia maziwa, lazima watu wakae shambani kuwinga, yaani kuwafukuza, tangu kupambazuka mpaka jua kuchwa, siku kama arobaini. Wanajenga dungu, jukwaa la miti lenye paa la makuti, wanapanda juu na teo. Teo ni kamba ya kurushia jiwe au donge la udongo. Ukiipiga vizuri inalia kama mjeledi, na ndege wanaogopa mlio zaidi ya jiwe.

Jambo jengine nililielewa nikiwa nimeshachelewa. Watu wa bonde lile walikuwa wakipanda wiki moja, wote, ili mtama uive pamoja na ndege wagawanyike. Ndege walilala kwenye matete, upande wa juu wa bonde, na shamba la kwanza kutoka kwenye matete lilikuwa la Bi Nimwaka. Wakifukuzwa pale asubuhi, wengi walikwenda zao porini kula mbegu za majani. Wachache tu ndio waliofika chini kwa majirani. Kwa hivyo aliyekaa juu ya dungu la Bi Nimwaka alikuwa akilinda bonde zima, ingawa hakuna aliyemwita mlinzi.

Aliyekaa pale alikuwa Kassim, kijana wa miaka ishirini na miwili. Nilisimama chini nikamtazama. Mkono wake ulizunguka mara moja tu, ukatoka, ukalia, na kundi la ndege likainuka. Hakuchoka wala hakukunja uso. Na mimi, badala ya kuutazama mtama, niliutazama mkono. Nilikuwa nimetafuta mtu wa kubandika mikate mwaka mzima. Vijana wa mjini niliowajaribu walikuwa wakiogopa moto, donge likidondoka wanaruka nyuma. Nikasema moyoni, mkono huu ndio.

Nilimwomba kwa Bi Nimwaka jioni ile ile. Alikuwa akipeta. Hakuacha kupeta.

"Mkono huu ukiuchukua, mwanangu, uniletee mwengine."

Nilicheka. Nikamwambia wako wadogo zake. Akasema wadogo zake wako shule, na walimu hawataki kusikia habari za ndege. Nikamwambia basi atapata kibarua. Akauliza kibarua kutoka wapi, kila mwenye mkono alikuwa na shamba lake. Kisha akamwita Kassim, akamwuliza mbele yangu kama ataka kwenda. Kassim alitazama miguu yake, akasema ataka. Bi Nimwaka akaweka ungo chini.

"Simfungi mtoto wangu kwa sababu ya ndege," akasema.

Nataka niwe mwadilifu hapa. Sikumwiba Kassim. Alitaka mwenyewe, na mjini alifanikiwa kwa kiasi chake. Amejenga nyumba ya matofali Majengo, vyumba vitatu. Watoto wake wanne wamesoma, mmoja ni muuguzi. Mwambani mwaka ule hapakuwa na zahanati wala maji ya karibu. Mtu asiwaambie kwamba vijana walitoka kwa kupenda anasa. Walitoka kwa sababu mwenye kukaa juu ya dungu siku arobaini alikuwa akimwona mwenzake amerudi na viatu. Na siwezi kusema watoto wangetolewa shule wakawinge ndege. Angekuwa mtoto wangu nisingekubali.

Lakini niliyoyaona baada ya hapo nitayasema pia.

Msimu wa kwanza bila Kassim, Bi Nimwaka alipanda dungu mwenyewe. Alivuna nusu. Msimu wa pili ndege walimzoea, wakala kwake mpaka wakashiba, wakaenda chini kwa majirani wakiwa wengi kuliko kawaida. Majirani walikuwa wamezoea kuwinga kwa uvivu, kwa kupiga makopo, kwa maana ndege wengi walikuwa wakizuiwa juu. Nao wakapoteza. Na mimi, mwaka huo huo, nilikuwa nimeshawatafutia kazi vijana wengine watano wa Mwambani. Waokaji wenzangu waliona mkono wa Kassim wakaniuliza nimeutoa wapi. Nikawaambia. Nilijisikia mtu mwema, mtu wa kuwafungulia wenziwe milango. Mmoja alikwenda mtaa wa Bondeni hapa mjini, wawili Majengo, wawili wakaingia kazi za hoteli. Sikuhesabu kwamba ni madungu matano.

Nilijaribu kutengeneza. Msidhani nilikaa tu. Mtu mmoja aliniambia utepe wa kaseti ukifungwa shambani unavuma kwa upepo na ndege hawaji. Nikakusanya kaseti za mtaa mzima, za taarabu, za mawaidha, hata za mahubiri nilizopewa na jirani Mkristo wa kazi za reli, tukazivua utepe, mimi na Kassim tukaenda kuzifunga. Ulivuma kweli, tena ulimetameta shamba zima. Ndege walikaa mbali siku sita. Siku ya saba Bi Nimwaka aliwakuta wametua juu ya utepe wenyewe, wakipumzika kati ya suke na suke. Alinitumia salamu kwamba wasikilizaji wameongezeka.

Kisha nikamshauri apande mtama mwekundu, ule mchungu ambao ndege hawaupendi. Huo ulikuwa ushauri wa kweli, wakulima wengi wanaufuata, na ndege kweli waliuacha. Aliuvuna wote. Nikauoka. Mkate ukatoka na rangi ya kutu, na ulikausha mdomo kama ganda la ndizi mbichi. Fundi Saidi angejua kwamba mtama ule huoshwa kwa maji ya majivu kutwa nzima kabla ya kutwangwa. Mimi nililijua hilo baadaye kwa kuambiwa na ajuza mmoja wa Bondeni. Wateja waliurudisha. Nikamwambia Bi Nimwaka asilete tena. Naandika neno hili kwa uzito: alifanya nilivyomwambia, akafaulu, na mimi ndiye niliyemkatalia.

Baada ya hapo bonde likaingia mahindi, na mahindi pale hayakai, jua likizidi wiki mbili yanakunjika. Nilikwenda tena baada ya miaka kupita. Mashine ya kusagia ilikuwa imefungwa, kwa sababu hapakuwa na nafaka ya kutosha kuiendesha. Bomba la maji lilikuja, nasema kweli lilikuja, lakini lilipoharibika hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kuliinua. Wamebaki akina mama wazee na watoto wa shule. Njia ya kwenda sokoni ilikuwa imeota vichaka, na nguruwe wa mwitu wamefanya maskani kwenye mashamba ya mpakani. Soko lenyewe, lililokuwa likijaa Alhamisi, lilikuwa na wauzaji wawili. Nilipokuwa nikishuka, nilipishana na lori limejaa unga wa mahindi wa pakiti, linapanda kule kule mtama ulikokuwa ukitoka. Unga ule ulinunuliwa kwa fedha walizotuma akina Kassim. Sijui kama mtu anaweza kulaumiwa kwa kumtumia mamake chakula.

Sasa vibuyu.

Bi Nimwaka alivileta mwenyewe, na ilikuwa mara yake ya mwisho kuja na mzigo. Alikuwa bado na mbegu ya ule mtama mweupe, ya mavuno yake mazuri ya mwisho. Aliipukuchua, akaichanganya na majivu, akaitia katika vibuyu vitatu vikubwa, akaziba midomo kwa udongo mwekundu. Kwao mbegu hutundikwa juu ya jiko ili moshi uzuie fukusi, wadudu wanaotoboa nafaka. Lakini alisema jiko lake sasa halitoi moshi wa kutosha. Mtu anayejipikia peke yake anawasha moto mara moja kwa siku, tena mdogo.

"Wewe wawasha kila siku," akaniambia. "Niwekee, mpaka arudi mtu wangu mmoja wa kupanda dungu."

Nikavitundika mbele yake. Kassim alinishikia ngazi.

Vilikaa misimu mitatu. Wakati huo mimi nilikuwa nikioka kwa mtama wa dukani, unaotoka mbali, nikichanganya na ngano ili ushikane. Sikuwaambia wateja. Waliojua walijua. Ramadhani ya mwaka ule, siku ya ishirini na sita, mteja mmoja wa siku nyingi alinirudishia mikate yake, akaiweka barazani mbele ya watu. Alisema kwa upole tu. "Abudi, marehemu Fundi Saidi angekukalisha hapa uile." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Gunia lililokuwa ndani lilikuwa na joto. Nilikuwa nimelipima na nikalinunua hivyo hivyo, kwa sababu lilikuwa la mwisho dukani.

Kassim alikuwa kwake Majengo, ana homa ya malaria. Nilikuwa peke yangu chumba cha nyuma. Nilipanda ngazi, nikavishusha vibuyu, nikavifungua. Harufu yake nilikuwa nimeisahau. Nikapepeta majivu, nikatia punje jinoni, ikavunjika kwa mlio. Nilijiambia nitachukua kibuyu kimoja. Nilichukua vyote vitatu. Mama Rukia aliniuliza nimepata wapi mtama mzuri namna ile, nikamwambia nimeletewa. Vibuyu nikavijaza mtama wa dukani nikachanganya majivu, nikaviziba kwa udongo wa kukarabatia tanuri, ambao nao ulikuwa ukitoka kwao kina Kassim, kwa hivyo rangi ilikuwa ile ile. Siku mbili vilikuwa vimeshaingia masizi.

Ule mkate ulisifiwa kutoka hapa mpaka Bondeni. Mteja yule alikuja kuniomba radhi mbele ya watu wale wale. Nilizipokea.

Kila Idi nilikuwa nikimpa Kassim mikate kumi ampelekee mamake. Nikampa kumi ya mtama ule. Nimejiuliza sana kwa nini. Huenda niliona ni haki yake auonje. Huenda nilikuwa sifikiri chochote, ndiyo iliyokuwa kwenye sinia. Baada ya Idi ile Bi Nimwaka hakuja mjini tena. Tuliambiwa ni magoti.

Hiyo ni miaka saba. Tanuri limezimwa mwaka wa nne sasa, macho yangu yameliwa na moshi. Katika siku zote hizo ningeweza kusema. Huenda mbegu ile ingekuwa imeshakufa hata hivyo, mbegu haiishi milele hata kwenye moshi. Mwezi uliopita niliulizia Mwambani kwa simu kama yuko mtu mwenye ule mtama mweupe. Kila mmoja alinitajia jirani yake. Wa mwisho akanitaja mimi. Akasema, si Bi Nimwaka aliiweka kwako?

Nawaambia pia ninalolifikiri sasa hivi, adhana haijaadhiniwa. Nikinyamaza, Kassim ataondoka na vibuyu vyake kwa furaha. Atapanda. Mbegu haitaota, au kitaota kitu chengine, na atalaumu miaka. Hakuna atakayejua. Na ni mtu wa miaka hamsini na kitu, anaondoka mjini peke yake kwenda kupanda dungu ambalo halipo, na vibuyu hivi ndivyo vinavyomtoa.

Naweka kalamu.

Imepita alasiri, jua limelala upande wa ukuta. Naandika yaliyotokea.

Kassim alikuja na kamba ya kufungia, na gunia jipya. Alikuwa amenyoa. "Masalkheri, ami." Nikamjibu. Mama Rukia akamletea kahawa, wakaulizana habari za watoto. Alizungumza zaidi ya kawaida yake. Ameshapata watu wawili wa kumsaidia kufyeka, wazee wenziwe kutoka bandarini, ambao nao wamechoka. Mmoja amesema atajenga dungu lakini kupanda hatapanda, ana kizunguzungu. Walikuwa wamebishana nani ana mkono mzuri zaidi wa teo, na hakuna hata mmoja aliyeshika teo miaka thelathini. Alicheka mwenyewe. Kisha akasimama, akaenda chumba cha nyuma, akapanda ngazi. Mimi nilishika ngazi.

Alivishusha kimoja kimoja, akavipangusa masizi kwa kiganja. Alipokuwa akivifunga kamba nikamwambia. Nilimwambia akiwa amenipa mgongo, nakiri. Nilisema yote: Ramadhani ile, gunia lenye joto, wewe una homa, vibuyu vitatu, udongo wa tanuri. Sikutaja yule mteja. Niliona nikimtaja nitakuwa najitafutia mwenza wa lawama.

Aliacha kufunga.

"Mikate ile ya Idi," akasema.

"Ndiyo hiyo."

"Mama aliuma mkate mmoja kidogo, akauweka chini. Akaniambia huu ni mtama wetu."

Niliiegemeza ngazi ukutani.

"Nikamwambia la, mama, wetu umetundikwa pale pale, nauona kila siku, na udongo wako uko mdomoni. Akauma tena. Akasema ni wetu." Hapo ndipo alipogeuka. "Nikamwambia ulimi wake umezeeka, ami. Nilimwambia hivyo mbele ya wajukuu. Wakamcheka."

Nikamwuliza alijibu nini.

"Akasema, basi huenda. Akafunga mkate mmoja kwenye kanga, iliyobaki yote akawagawia wajukuu. Na akanambia nisikuulize kitu."

Mama Rukia alikuwa amesimama mlangoni na buli la kahawa. Alinitazama, akarudi jikoni. Mpaka naandika hapa hajanisemesha, na hana kosa.

Nilimwambia Kassim nitakwenda mwenyewe kutafuta mbegu, kuna watu wa Taita wanalima mtama, kuna ofisi za kilimo zinatoa. Akasema anajua zinatoa, nzuri tu, za muda mfupi. Si hiyo. Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Alivibeba vibuyu hadi barazani, akapasua udongo wa kwanza kwa ufunguo wa nyumba yake, akakiinamisha kibuyu, mtama ukamwagika kwenye sakafu ya kichochoro pamoja na majivu. Kisha cha pili. Kisha cha tatu. Alivikung'uta mpaka punje ya mwisho.

Njiwa wa msikitini waliuona kabla hajamaliza. Walishuka wachache, kisha wengi, kisha kunguru wakaja pembeni kuwasukuma. Walikuwa miguuni petu. Mkono wake wa kulia ulikuwa wazi, hauna nywele kama wangu. Nilidhani atauinua, hakuuinua. Mimi pia sikuinua wangu. Tuliwatazama wakila mpaka sakafu ikawa nyeupe, wakabaki wakidonoa majivu.

"Vibuyu ni vya mama," akasema. Akavifunga kamba, vitatu vitupu vikigongana, akavitia begani. Nilimwuliza kama bado anakwenda. Akasema Jumatatu. Nikamwuliza atapanda nini. Akasema hajui, atatazama kwanza ardhi iko vipi. Mama Rukia alimwita kutoka ndani kwamba akae ale. Akajibu kwa adabu kwamba wanamngoja nyumbani, akaniaga kwa mkono kama kawaida. Kiganja chake kilikuwa na masizi, na masizi yake yako kwangu mpaka sasa.

Wanangu, nilikusudia kuwaeleza namna ya kuoka mofa. Nimewaeleza juu hapo, na hakuna nililoficha katika hatua zake. Mtama wa kuokea sijui mtautoa wapi.

Jioni tumekula mkate wa boflo wa dukani na mbaazi za nazi. Mama Rukia alipakua sahani tatu, kisha ile ya tatu, ya Kassim, akairudisha chunguni.